Mwalimu Aliyefufua Kioo

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja, mstaafu. Msianze kugeuka na kutazamana, hayumo humu ndani. Wilaya yake si hii yetu. Alifundisha miaka thelathini na minne, na alipostaafu akafungua duka la steshenari karibu na stendi: kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, kuchapa barua za kuombea kazi. Aliyekaa kwenye kompyuta ni mkewe. Mwalimu mwenyewe alikaa mlangoni akiwasahihisha wateja Kiswahili chao. Mnacheka, lakini mnamjua mtu wa namna hiyo. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Hata mkewe, aliyemzalia watoto wanne, alimwita Mwalimu.

Alikuwa mtu mwema, wapendwa. Hilo nataka mlishike kabla sijaendelea. Hakunywa, hakupiga, na mkewe alimpenda kwa dhati. Mfano huu haumhusu mtu mbaya. Mtu mbaya, polisi wapo wa kumshughulikia. Mimi leo nina shida na watu wema.

Sasa, kazi iliyolifanya duka lile liheshimike ilikuwa mitihani. Walimu wa shule za kata waliandika maswali kwa mkono, wakayaleta, na mama akayachapa. Alikuwa na vidole vya ajabu mama yule. Angeweza kuchapa huku akikuuliza habari za nyumbani na asikosee nukta. Kazi hiyo ilikuwa fahari yake. Wanawake wa mtaani walijua kwamba mtihani wanaoufanya watoto wao umepitia kwenye mikono ya mama yule.

Kisha makosa yakaanza. Mtihani mmoja, swali la tisa, ukatoka na B mbili, C haipo. Mwingine ukatoka na mistari iliyokatwa kichwa, neno la kwanza limeliwa. Mkuu wa shule akaja mwenyewe, karatasi ameikunja mara nne mfukoni. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, kwa hiyo alisema kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Mitihani ya muhula wa pili tutawaletea kama kawaida. Ila yakitokea tena makosa kama haya, kamati imesema tupeleke kwingine. Mimi nimewatetea kadiri nilivyoweza."

"Marahaba. Umefanya vizuri kuja. Hayatatokea tena," alisema Mwalimu, kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi.

Mama alikuwa nyuma ya mashine ya kopi. Alisikia yote. Aliposikia neno "kwingine" alishika meza kwa mikono miwili.

Mkuu wa shule alipoondoka, Mwalimu akaitazama laptopu ya mkewe. Akaigeuza huku na huku. "Tatizo ni hili hapa," akasema. "Kioo chenyewe kama kidirisha cha choo. Maandishi yanakuwa madogo kama mchwa. Nani asikosee?"

"Mwalimu, si udogo," alisema mkewe. "Mimi nikitazama huwa—"

"Ni udogo, mama. Nimekaa darasani miaka thelathini na minne. Mtoto asiyeona ubaoni namjua kwa kumtazama tu."

Mkewe akanyamaza. Kina mama mlioko humu, mnakijua kile kimya. Si kimya cha kukubali. Ni kimya cha mtu anayeona mlango umefungwa, akasema basi, nitabisha tena kesho.

Juu ya kabati pale dukani kulikuwa na kompyuta kubwa ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa ya aina ile ya kipande kimoja, isiyo na sanduku la pembeni. Mashine yote imejificha nyuma ya kioo. Radi iliiua ndani miaka miwili nyuma. Lakini kioo! Kioo kilikuwa inchi ishirini na saba, hakina ufa wala mkwaruzo. Mwalimu akaishusha, akaipangusa vumbi, akairudisha mezani kwa furaha. Wazo lake lilikuwa hili: achukue waya, achomeke upande mmoja kwenye laptopu na upande wa pili kwenye kioo kile kikubwa, mkewe afanye kazi akiona herufi kubwa kubwa. Mashine imekufa, sawa, lakini kioo kizima cha nini kitupwe?

Niwaulize: ni wazo baya? Si baya hata kidogo. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Akanunua waya. Akachomeka. Giza. Akasema waya ni mbovu, akanunua wa pili. Giza. Akanunua wa tatu, wa bei kubwa, wenye ncha za rangi ya dhahabu. Giza la dhahabu.

Ndipo kijana wao mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, akapiga simu. Mama alikuwa amemdokezea kwamba mambo ya duka hayaendi vizuri.

"Baba, hilo jiwe tupa. Nakutumia monita mpya kwa basi la kesho kutwa."

"Hutumi kitu. Kioo kizima, nitupe kwa nini? Ninyi kizazi chenu mnatupa hata sahani yenye uchafu."

"Baba, ya zamani ni ya zamani."

"Ya kale ni dhahabu!"

"Na kipya kinyemi, baba."

"Malizia methali, usikate katikati! Kipya kinyemi ingawa kidonda."

Wiki mbili waliendelea hivyo. Asubuhi simu, jioni simu. Baba anatetea kukarabati, mtoto anatetea kununua. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hoja nzuri. Baba alisema habari za ubadhirifu wa dunia, tunavyojaza madampo vitu vizima. Mtoto alisema habari za muda unaopotea na heshima ya kazi. Ungewasikiliza ungedhani wabunge. Na wote wawili kila sentensi waliifunga kwa maneno hayo hayo: "Mimi namfikiria mama."

Siku moja mama aliomba simu. Akasema, "Mwanangu, hebu nikueleze mimi—" Mtoto akadakia kwa huruma nyingi, "Mama, usijali, najua unavyoteseka, mimi nitamshinda baba." Akakata, akampigia tena baba yake.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Hapa fahali wenyewe walikuwa wanapigana kwa ajili ya kuzitetea nyasi.

Mwisho Mwalimu akamwita fundi. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, aliyerithi meza ya kazi ya marehemu baba yake, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Alifika Ijumaa, akafungua mgongo wa kompyuta ile, akamulika kwa tochi ya simu, akatazama zile nyaya tatu zilizopangwa mezani, akatabasamu.

"Mwalimu, hapa utachomeka mpaka uchoke. Tundu hili ni la kutolea. Kompyuta hii iliundwa itoe picha kupeleka kwenye kioo kingine. Kupokea picha ya mwenzake haijaundwa. Hata kabla ya radi, ilikuwa haipokei."

Mwalimu akacheka sana. Akaipiga meza kofi. "Mashine ya ajabu! Kazi yake kutoa tu, kuambiwa haitaki!"

Mkewe, kwenye kiti chake, hakucheka.

"Lakini kioo ni kizima kweli," fundi akaendelea. "Nikitoa madabodi, ule ubao wa mashine uliokufa, nikaweka kadi ndogo ya kupokelea picha inayolingana na namba hii hapa nyuma ya kioo, kitafanya kazi kama monita yoyote. Kadi haipatikani hapa. Naiagiza, inakuja na basi. Alhamisi nafunga."

"Agiza," alisema Mwalimu. Na alipompigia mtoto kumwambia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jumapili ikafika, wakaenda ibadani wote wawili. Matangazo yakasomwa. Sikilizeni tangazo la tatu. Madaktari wa macho kutoka hospitali ya kanda watakuwa katika hospitali ya wilaya Jumatano na Alhamisi, wenye shida ya kuona waende mapema. Mzee wa kanisa alilisoma mara mbili. Mwalimu alikuwa benchi la pili. Unajua alikuwa anafanya nini? Amegeuza bahasha yake ya sadaka ya ahadi, nyuma yake anachora kibao cha mbao cha kusimamishia kile kioo, na vipimo vyake.

Njiani kurudi, mkewe akajikaza. "Mwalimu, Alhamisi naomba tufunge duka. Nataka twende—"

"Alhamisi? Alhamisi ndiyo siku ya fundi! Vumilia, mama wee. Umevumilia mwezi mzima, zimebaki siku nne. Alhamisi jioni utaona mwenyewe."

Angeweza kwenda peke yake, mtasema. Ndiyo, angeweza. Lakini alikuwa ameanza kuogopa kuvuka barabara ya stendi peke yake, na hilo nalo alikuwa hajapata nafasi ya kulisema. Jumatano asubuhi aligonga bega kwenye fremu ya mlango wa duka, mlango alioupita miaka sita. Mwalimu akamwambia, "Pole, mama. Ni mawazo." Akaendelea kupiga msasa kibao chake.

Alhamisi fundi akaja. Alifanya kazi kutwa. Akatoa madabodi iliyokufa, akafunga kadi, akaunganisha nyaya za kioo zilizo nyembamba kama nyuzi za kushonea, na Mwalimu akawa anamshikia tochi kwa utii ambao wanafunzi wake hawajawahi kuuona. Saa kumi na moja jioni fundi akasema, "Washa." Mwalimu akawasha.

Kioo kikawaka.

Jamani, kiliwaka vizuri! Cheupe, kipana, kinapendeza. Wateja waliokuwa wanangoja kopi walipiga makofi. Mwalimu alitoa kitambaa akajifuta macho, hakuona aibu. Alikuwa amelitaka jambo hili kwa mwezi mzima, amechekwa na mwanawe, amenunua nyaya tatu bure, hakukata tamaa. Alikuwa amefanya kwa ajili ya mkewe. Akaufungua mtihani wa muhula wa pili, akazikuza herufi mpaka kila moja ikawa kama kipande cha sabuni. Akamvutia mkewe kiti.

"Kaa, mama. Soma swali la kwanza. Soma kwa sauti, wasikie."

Mama akakaa. Akasoma: "...cha maji katika kijiji chenu ni kipi?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Anza mwanzo wa mstari, mama."

"Nimeanza mwanzo."

"Hapana, kuna maneno mawili kabla. Taja... Haya hapa, tazama kidole changu."

Mama akageuza kichwa chote, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma ya bega, ndipo akakiona kidole cha mumewe. Akakitazama muda mrefu. Kisha akasema taratibu, wala hakuwa na hasira.

"Mwalimu, upande huu mimi sina. Tangu kabla ya Pasaka. Siyo madogo. Hayapo kabisa."

Mashine ya kopi ilikuwa inatoa karatasi, mtu akaizima. Fundi alikuwa anakusanya bisibisi zake, akaziacha. "Mama," akauliza, "si kulikuwa na madaktari wa macho hapa wilayani jana na leo? Hukwenda?"

"Niliomba," alisema mama.

Basi, neno moja tu. Mwalimu alisimama pale mkono ukiwa bado hewani, na sasa yote yakamjia kwa pamoja. Maswali ya walimu, yaliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, nayo mkewe alikuwa akiyakosea mwanzo wa mstari. Laptopu ilihusika vipi na karatasi? Yule aliyejisifu kwamba mtoto asiyeona anamjua kwa kumtazama alikuwa ameketi na mke asiyeona, mezani na kitandani, tangu kabla ya Pasaka.

Simu ikaita. Ni kijana wa Dodoma. "Baba, limewaka? Maana mimi bado nasema mpya ingekuwa—"

"Limewaka," alisema Mwalimu. "Na ungetuma mpya lingewaka pia. Mama yako asingeliona hilo wala lile. Omba ruhusa kazini, mwanangu. Kesho alfajiri tunampeleka hospitali ya kanda."

Alikimbia mwenyewe hospitali ya wilaya jioni ile, akakuta madaktari wameshapakia vyombo na gari limeondoka. Hakulaumu mtu. Alirudi, akafunga duka katikati ya wiki, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata alipofiwa na kaka yake. Akaandika barua kwa mkuu wa shule kwamba mitihani ya muhula huu wapeleke kwingine. Aliiandika kwa mkono, akaipeleka kwa miguu. Mke akasema, "Kazi yangu, Mwalimu." Akajibu, "Kazi itatungoja. Na isipotungoja, tutaitafuta nyingine. Nataka macho yako." Kesho yake basi la kwanza lilikuwa nao, na safari hii waliketi mama akiwa dirishani kulia, kwa sababu Mwalimu alimwuliza angependa kukaa wapi.

Daktari alipima kutwa. Akawaambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwisha karibu lote, na la kulia limeanza njia hiyo hiyo. Ugonjwa huu hauumi, akasema, ndiyo maana unamla mtu kimya kimya. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku, bila kuruka hata siku moja, maisha yake yote.

Kisha akamwuliza yule mama, "Uliona dalili lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Ni miezi mingi hiyo, mama! Kwa nini hukusema?"

Mama akamtazama mumewe, yaani ilibidi ageuze kichwa ili amtazame. Akarudi kwa daktari. Akasema, "Nilisema polepole."

Mmesikia? Alimfunika mumewe, kama alivyomfunika siku zote. Na Mwalimu akasimama, mzee mzima, mbele ya daktari ambaye angeweza kuwa mwanawe.

"Hapana, daktari. Alisema vizuri kabisa. Mimi ndiye sikusikiliza."

Wapendwa, najua jinsi mtakavyoubeba mfano huu kwenda nao nyumbani. Nusu yenu mtasema mchungaji amesema tukarabati vya zamani, tusitupe. Nusu mtasema mchungaji amesema tununue vipya, tusipoteze muda. Mkifanya hivyo nimehubiri bure. Baba yule alikuwa na haki kuhusu kioo, na kijana alikuwa na haki kuhusu kioo. Nani kati yao alikuwa na haki kuhusu mama?

Sisi ni hodari wa kusaidia watu ambao hatujawauliza. Hapa kanisani kwetu wazee tumekaa vikao vinne kuhusu spika. Tutengeneze zile mbovu au tununue mpya? Mimi nimekaa vyote vinne, na nimesema sana, tena kwa hoja. Kuna ndugu mmoja aliyekuwa akikaa benchi la tatu, upande wa kwaya, kila Jumapili. Tangu Juni hajaonekana. Katika vikao vinne hakuna aliyeuliza yuko wapi. Nimelikumbuka hilo juzi nikiandaa somo, na niliona aibu. Nimeshakwenda kwake. Nilichoambiwa kule hakikuhusu spika.

Baba, una binti hapo nyumbani. Umemtafutia shule nzuri, umelipa, umebishana na mjomba wake shule ipi ni bora. Mara ngapi alianza, "Baba, mimi..." ukammalizia sentensi? Mama, una mume anayekaa uani jioni bila kuongea. Umempikia, umemwombea, umemletea wageni wa kumshauri. Umemwuliza nini? Na ulipouliza, ulisubiri jibu?

Tazama jinsi Mungu anavyotutendea. Anajua shida yetu kabla hatujapiga magoti. Tukianza kuomba tunarudia, tunapotea, tunamwambia mambo aliyoyaumba mwenyewe. Na bado hajawahi kumkatiza mtu kabla ya amina. Kama anayejua yote anasikiliza mpaka mwisho, wewe usiyejua hata kilicho ndani ya jicho la mkeo unaharakisha kwenda wapi?

Mama yule bado anaona, kwa upande uliobaki. Mumewe ndiye anayemtia matone, asubuhi na jioni, na watu wanaowajua wanasema katika duka lile siku hizi Mwalimu anakaa ndani, karibu na kiti cha mkewe, na akimwambia neno anangoja amalize. Amejifunza akiwa na miaka sitini na sita. Amejifunza kwa gharama ya jicho ambalo si lake.

Sisi tusingoje jicho la mtu. Leo tukitoka, mnada wa sadaka za ndizi na kuku usubiri. Simama hapo uwanjani na yule uliyekuja naye, mwulize, "Una nini siku hizi?" Kisha nyamaza. Usimshauri, usimpe mstari wa kumfariji, usimwambie unajua. Akilia, mwache alie, usiondoke. Na wewe uliyekuja peke yako, usiye na wa kukuuliza, pita mlango wa pembeni. Nitakuwa nimekaa pale na viti viwili, nami leo sina neno lingine la kusema.